Naomba ushauri: bwana afya akija kwa ajili ya choo, mama wa viazi atapona?

Wakuu, habari zenu. Ploti yetu hapa Mombasa ina shimo moja la choo. Tangu mvua zianze limefurika, majitaka yanatoka kwenye mfuniko na kupita hatua mbili tu kutoka karai la mama anayetuuzia viazi na bajia. Mwenye nyumba ukimpigia, gari la kunyonya "liko njiani."

Jirani ananiambia niende wizarani Nairobi. Mimi naona si huko: tangu ugatuzi wa 2013 afya ya mazingira iko kwa kaunti, na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaruhusu mwenye nyumba kupewa notisi aondoe uchafu, akikaidi ni kortini.

Shida ni huyu mama. Bwana afya akifika ataulizia cheti cha kupimwa afya cha wauza chakula, kile kinachodumu miezi sita, na sidhani anacho. Afungiwe yeye, mwenye shimo abaki anakula kodi?

Waliowahi kupitia haya: naweza kuomba choo pekee kikaguliwe? Barua naipeleka ofisi ya kaunti ndogo au makao makuu? Na jina langu, mwenye nyumba ataonyeshwa?