Yule fundi wa Makoroboi kanichomea sevo, halafu AKAINUSA!

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya daladala ya Igoma, mikono inatetemeka kwa hasira. Mnamjua wote, jina silitaji, yule wa Makoroboi, hapa Mwanza, anayevaa miwani miwili kwa mpigo. Kanichomea sevo, ile mota ndogo ya kugeuza viungo vya roboti, halafu akainusa. AKAINUSA!

Kazi yenyewe ndogo. MG996R, ya gia za chuma, inageuka nusu duara inakwama. Nataka izunguke mfululizo isukume gurudumu la roboti yangu. Kile kipini cha kuzuia kwenye gia ya mwisho nilishakikata na kukisugua kwa tupa mwenyewe. Kilichobaki ni kung'oa voliumu ya ndani, ile rizista ya kuzungusha inayoiambia sevo imegeuka kiasi gani, na kulehemu rizista mbili zinazolingana mahali pake, ili sevo ijione iko katikati siku zote. Ukiipa mpigo wa umeme wa milisekunde 1.5 inasimama, ukizidisha inakwenda huku, ukipunguza inakwenda kule. Nikamchorea. Nikamwandikia VOLTI 6 kwa kalamu nyekundu.

Jamaa kaichomeka kwenye betri ya bodaboda, volti 12. "Tuiamshe kwanza, kijana." Wakuu, ule moshi! Waliokuwa wanapiga picha jiwe la Bismarck kule ziwani walidhani meli inaingia. Yeye hata hakushtuka. Akavua miwani moja, akaisogeza sevo puani taratibu kama mama anayepima mchuzi wa sangara, akasema, "Hii ilikuja mbovu toka kiwandani." Halafu anadai elfu tano ya uchunguzi. Uchunguzi wa pua!

Kuchoma sawa, vitu huungua. Lakini kunusa?

Ngosha_Nyegezi: Una bahati. Mimi alinilamba elfu saba kwa rimoti iliyokuwa imeisha betri tu.

mama_dagaa: Sijaelewa uzi. Kosa ni kuchoma au kunusa?

Mleta uzi: KUNUSA.

Tupa_na_Bisibisi: Rizista za nini mkuu? Weka voliumu katikati, ipige gundi, itenganishe na gia, kwisha. Kipini umekata mwenyewe, gundi ndiyo imekushinda?

Mleta uzi: Voliumu ikihama kidogo tu, roboti inaanza kutambaa yenyewe usiku. Usinifundishe.

Tupa_na_Bisibisi: Basi kanusishe nyingine.

Mawe_ya_Igogo: Roboti ya kazi gani kwanza? Kama haiparui samaki magamba huo ni mdoli.

mama_dagaa: Ikiparua niuzie. Ila sato wenyewe wa kuparua yuko wapi, bei za soko la Mwaloni sasa hivi utadhani wamekuja na ndege.

Ngosha_Nyegezi: Na ni wa vizimba, halafu muuzaji anakuapia kwa mama yake kwamba kavuliwa jana.

Mawe_ya_Igogo: Wa vizimba wana shida gani? Acheni dharau, shemeji yangu anafuga.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye pua.

mama_dagaa: @Mawe_ya_Igogo shemeji anauza jumla?