Gundi ya mwanga badala ya uzi: kodi yetu iende huko?

Mtoa mada
Wakuu, hili tulijadili bila jazba. Mwaka 2014 watafiti wa Boston, wakiwamo Jeffrey Karp na Robert Langer, walionyesha gundi ya upasuaji iliyo nzito kama asali. Unaipaka penye tundu, unaimulika, sekunde chache imeshika. Waliijaribu kwenye moyo wa nguruwe ukiwa unadunda, haikubanduka. Imetokana na gliseroli na asidi ya sebasiki, vitu ambavyo mwili unavifahamu, kwa hiyo huvunjwavunjwa polepole jeraha likipona. Kampuni ya Paris ikaichukua. Ulaya wakaipitisha 2017 kwa kuziba mishipa ya damu, na Juni 2025 Marekani wakaruhusu bidhaa yao ya kuunga mishipa ya fahamu bila kushona.

Wengine wanalipindua wazo hilohilo: polima (kemikali ya minyororo mirefu, kama gundi hiyo au plastiki) inafumbata dawa, ukiimulika inaiachia palepale unapotaka. Hoja yangu: vyuo vyetu vya umma vitengewe fedha za utafiti huu sasa, tusisubiri kuuziwa.

Sindano
Mkuu, wodini umekaa lini mara ya mwisho? Shangazi yangu alipopasuliwa mwaka jana tuliandikiwa uzi kwenye kikaratasi, tukaufuate duka la dawa nje ya geti. Uzi wa polima unaoyeyuka wenyewe mwilini! Kitu kilichoko sokoni tangu miaka ya 1970. Miaka hamsini haujafika kabatini, wewe unataka taa.

Mtoa mada
Uzi kukosekana ni suala la manunuzi, si la utafiti. Hayo mafungu mawili.

Sindano
Mafungu mawili, mlipaji mmoja.

Mziba Meno
Mnaiongelea kama ya mwaka 2050. Mimi kila siku ya kazi naziba meno kwa polima inayokauka kwa mwanga wa bluu (yangu haiozi, ashukuriwe Mungu). Niwaambie shida iliko: taa. Taa ya kuchaji ikizeeka inaendelea kuwaka bluu vizuri tu, kumbe nguvu imeshuka. Ukigonga juu ya jino, pagumu. Chini bado laini. Mgonjwa anarudi analalamika, na wewe unadhani ulikosea kuchonga. Kifaa cha kupima nguvu ya taa kipo, kinaenea mfukoni, lakini katika kliniki zote nilizopitia nimekiona mara moja. Na hilo ni jino. Sasa weka hapo mshipa wa damu.

Mwana Kemia
Mziba Meno kasema la maana. Naongeza la kina. Usiku zima taa, funika tochi ya simu kwa kiganja. Kinachopenya ni wekundu tu.

Mwaka 2009 timu ya Kristi Anseth kule Colorado ilitengeneza hidrojeli (polima laini iliyojaa maji) inayovunjika kwa mwanga huku seli hai zikiwa ndani yake. Kazi safi. Lakini vifungo vya kemikali vya hidrojeli ile hukatwa na mwanga wa urujuanimno (UV) wa nanomita 365, na huo ngozi inaumeza kabla haujamaliza milimita moja. Mwekundu na infraredi (ulio nje ya wekundu, hauonekani kwa macho) huzama zaidi, ila hauna nguvu ya kukata vifungo vile. Basi watu wanachanganya chembe za madini adimu zinazogeuza infraredi kuwa urujuanimno hukohuko ndani. Chembe hizo haziozi! Tulianza na polima inayooza, tunamwachia mgonjwa changarawe.

Kwa hiyo ya kuachia dawa ndani kabisa ya mwili mimi sitoi hata shilingi. Ngozi, jicho, kinywa, au tumbo lililokwisha funguliwa mezani, hapo mwanga unafika na hapo tuongee.

Bi Mkubwa
Samahani wanangu, mimi si msomi wa hayo. Hiyo dawa inayofunguka kwa mwanga, nikipakwa kwenye kidonda cha mguu kisha nikaenda shamba jua la utosi, itajuaje kuwa lile si la daktari?

Mwana Kemia
Shikamoo mama. Haitajua. Ipo dawa ya saratani inayoamshwa kwa mwanga, Photofrin, iliyoruhusiwa kwanza Canada mwaka 1993. Si polima, lakini mgonjwa wake huambiwa aepuke jua kwa siku 30 au zaidi.

Bi Mkubwa
Marahaba. Siku thelathini na nani analima?

Mtoa mada
Mama kanikamata. Hilo sikuliwaza, na sidhani kama huko maabara zao zilipo kuna anayelala akiliwaza. Napunguza ombi langu: ya dawa naiweka kando, nabaki na gundi ya vidonda vya juu na vya mezani. Na watafiti wetu waanze kwa kuijaribu penye jua na joto letu, maana hata kuitunza stoo yenye madirisha ya vioo ni kazi.

Sindano
Bado napinga, ila sasa najua ninachokipinga. Bei ya bomba moja ni ngapi?

Mziba Meno
Kabla ya bei, kuna mwenye kile kipimo cha taa anayeweza kuniazima wiki moja? Niko serious, ya kwangu naishuku tangu Jumatatu.