Tupeane uzoefu: neno "set" la Kiingereza limeshakukuta wapi na wapi?

Wakuu habari za muda huu. Mi kazi yangu ni kutafsiri, leo mkataba, kesho maelekezo ya mashine, keshokutwa maandishi ya chini ya filamu, na kama kuna neno nikilikuta nasimama kwanza nalizunguka kama fundi anayekagua gari la mtumba basi ni hili "set". Herufi tatu tu lakini ile kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, ililipa kitenzi hiki maana zaidi ya 430 na maelezo ya maneno kama 60,000, yaani kitabu kizima kwa neno moja jamani. Ndo lilikuwa ingizo refu kuliko yote mle ndani. Walipoanza kuipitia upya kamusi "make" likalipita mwaka 2000, baadaye "put", halafu 2011 likaja "run" na maana zake 645 likawaacha wote. Sawa, lina ukubwa wake, ila "run" ukishashika kukimbia na kuendesha unaweza kubahatisha mengi, "set" halibahatishiki. Na halibadiliki hata sura, jana ni set, leo ni set, likishafanyika bado ni set.

Juzi filamu moja ina mistari miwili imepishana dakika chache. Jamaa anafoka "you set me up", maana yake umenitegea, umenichongea mpaka nikanasa. Mbele kidogo jamaa huyohuyo anamwambia rafiki yake "set me up with your cousin", hapo anaomba aunganishiwe kwa binamu, mambo ya mapenzi. Programu ya tafsiri ilikuwa imeweka "kuandaa" kote kote. Fikiria mtazamaji anaona mtu anapiga kelele "umeniandaa!" na bastola mkononi.

Msimamo wangu: ukitaka kulijua "set" usiliangalie lenyewe, angalia limeongozana na nani. Haya karibuni, kila mtu atupe la kwenye kazi yake.

Karani Mstaafu
Mkuu umenigusa. Nimekaa na mawakili miaka mingi, kule kuna "set aside". Mtaani ukisema "set aside some money" ni kutenga hela, unaiweka pembeni ije ikufae. Sasa alikuja mzee mmoja ana barua, kesi alishashinda, barua inasema hukumu imekuwa "set aside", mzee wa watu anatabasamu anasema naona wameniwekea hukumu yangu vizuri nije niichukue. Nikamkalisha kwanza. Nikamwambia mzee wangu, kwa lugha ya mahakama hapo hukumu imetenguliwa, haipo tena, wenzako wameomba na wamesikilizwa. Neno lilelile la kutunza ndilo la kufuta. Ila ukitafakari utaona ni kitendo kimoja, kitu kinatolewa katikati ya meza kinawekwa kando, hela inakusubiri huko kando na hukumu ndo imekufa hukohuko. Halafu kesi ikiwa "set down for hearing" ni imepangiwa siku ya kusikilizwa, msije mkadhani kuna mtu kashushwa chini.

Nondo na Zege
Sisi mafundi tunasema zege LIMESHIKA, hiyo ndo "set" yenyewe. Tatizo liko kwa wanaosoma mfuko wa saruji au kopo la gundi wakatafsiri "set" kuwa kukauka. Saruji haishiki kwa kukauka aisee, inashika kwa sababu inaungana na maji, ndo maana hata ukiimwaga chini ya maji inashika vizuri tu. Nimefika saiti moja nikakuta kijana kaambiwa na bosi wake asubiri zege "li-set", yeye kaelewa likauke, basi jua kali na yeye kalinyima maji kabisa anasubiri likauke haraka, kufika kesho yake nyufa kama ramani. Wakati likishashika ndo kwanza unaanza kulimwagilia siku kadhaa ili lipate nguvu. Kushika kitu kimoja, kukauka kingine, kukomaa kingine. Tafsiri mbovu inapasua sakafu wakuu.

Dada wa Chat
Mi najibu wateja wa nje kwa chat, wengi Wamarekani. Kuna hii "all set". Ukimuuliza mtu "all set?" kabla ya safari unamuuliza uko tayari. Ila mteja wa Marekani ukimaliza kumsaidia unamuuliza kama kuna kingine, anakujibu "I'm all set", hapo anasema nimetosheka, sihitaji kitu, kwaheri. Kuna mwenzetu mgeni alikuwa kila akijibiwa hivyo anaona mteja yuko TAYARI, basi anaendelea kummwagia maelekezo hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mteja wa watu kashaondoka zamani. Kwa hiyo neno moja, mwanzoni twende, mwishoni tuachane. Hapa nadharia ya mleta mada inayumba kidogo, maana "all" ni ileile, kinachobadilika ni wakati unaosemwa.

Chaki Nyeupe
Ngojeni mwalimu niingie. Shuleni mwalimu ana-"set" mtihani, mwanafunzi ana-"sit" mtihani. Mmoja anatunga, mwingine anaufanya. Watu wanadhani ni bahati tu yamefanana, hapana, hayo ni mtu na mdogo wake. Kiingereza cha kale "set" ilikuwa ni kukifanya kitu kikae. Sisi tunalo hilo jambo wazi kabisa na tunalitumia kila saa bila kufikiri: kaa, kalisha. Lala, laza. Anguka, angusha. Na wao wanayo mabaki yake, "sit" na "set", "lie" na "lay", hata "fall" na "fell", ile "fell" ya kuangusha mti. Tofauti ni kwamba sisi kiwanda chetu bado kinazalisha, chao kilishafungwa, wakabaki na bidhaa chache wanazihangaikia. Nikiwafundisha hivi wanafunzi wangu, kuweka saa, kupanga meza, kurudisha mfupa mahali pake, kupanga bei, kupachika kito kwenye pete, yote wanayaona ni kukalisha kitu mahali pake. Hata jua lina-"set", linakwenda kukaa. Zege la fundi hapo juu limekaa.

Mpinzani wa Kudumu
Mwalimu nakuheshimu ila seti ya vikombe je? Seti kwenye hesabu? Hapo nani kamkalisha nani? Ile ya kundi la vitu ina njia nyingine, imetoka Kifaransa cha kale, na nyuma yake Kilatini "secta", ndugu wa "sect", yale madhehebu, yaani watu wanaofuata njia moja. Baadaye ikafanana sura na ile ya kukalisha, zikachanganyika mpaka sasa hivi hazitenganishiki vizuri. Kwa hiyo unapotazama neno moja kumbe ni wawili wamevaa sare.

Chaki Nyeupe
Hiyo nakupa mkuu. Ndo maana kwenye kamusi nomino inakuja mara kadhaa na namba tofauti.

Mpiga Wavu
Wavu ndo balaa. Seti ya kwanza mpaka ya nne inaisha kwa pointi 25 (na ukiongoza kwa mbili), ya tano 15, halafu ndani ya seti kuna mchezaji kazi yake ni ku-set mpira, kumpandishia mpigaji. Kocha wetu anapiga kelele "set! set!" hujui anakumbusha tumebakiza seti au anataka mpira upandishwe. Ukitoka hapo unaenda gym, mkufunzi anasema "one more set", hapo ni raundi nyingine ya kunyanyua. Tenisi nako kuna seti na ole wako, Wimbledon 2010 Isner na Mahut seti ya mwisho ilifika 70 kwa 68, mechi ikachukua siku tatu.

Lindo la Usiku
Mi niko kwenye ulinzi. "Set the alarm" ni uitegeshe ikae macho. "Set off the alarm" ni uifanye ilie. Kaneno kadogo ka "off", ambako kila mtu kafundishwa ni kuzima, hapo ndo kanaleta kelele. Bango la kwenye lango la jengo moja lilikuwa linasema mtu wa mwisho kutoka a-"set" alarm, na chini yake usi-"set off" alarm. Mfanya usafi mpya akaniuliza kwa heshima zote, kaka sasa mimi nifanye lipi? Nikaona swali lake ni la akili kuliko bango.

Mleta mada
Hahaha, na hiyo "off" kwenye mikataba inageuka tena. Ukikuta malipo yafanywe bila "set-off" maana yake ulipe yote, usikate kile unachomdai yeye. Niliwahi kupewa rasimu nihakiki mtu kaandika "malipo yafanyike bila kuanza safari", maana "set off" ni kuondoka pia. Nilicheka kwanza halafu nikawaza angeisaini nani. Dada wa Chat, hoja ya wakati nimeikubali, naongeza: limeongozana na nani, na limesemwa saa ngapi. Wa hospitali mko wapi?

Sindano Taratibu
Tupo mkuu, zamu imebana tu. Kwetu mfupa mwalimu kashausema. Kinachosumbua ni "infection has set in", ndugu wa mgonjwa akisoma hivyo anauliza kaipanga nani? Hajaipanga mtu, imeshaingia na imeweka makazi. Trei ya vifaa vya kushonea kidonda nayo tunaiita seti, kwa hiyo usiku mmoja unaweza kuandika kwenye faili moja kwamba maambukizi "yame-set", mfupa "ume-set-iwa", na seti imepungua mkasi.