Mhandisi ana nafasi gani katika kupanga na kudhibiti kawi?

Swali
Hamjambo wanajamvi. Mimi ni mhandisi wa umeme, nilihitimu mwaka juzi. Juma lililopita nilihudhuria kikao cha maoni ya umma kuhusu bei ya stima hapa Nairobi, na waliozungumza karibu wote walikuwa mawakili na wanauchumi. Je, sisi kazi yetu ni kupanda nguzo tu?

Jibu la 1
Mdogo wangu, bei huzozaniwa kikaoni, lakini gharama yenyewe huzaliwa mapema zaidi, kwenye michoro. Tazama mradi wa upepo wa Ziwa Turkana: mitambo 365 ya megawati 310 ilikuwa tayari mwaka 2017, ilhali laini ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwashwa hadi Septemba 2018, na fidia ya kuchelewa ikaangukia umma. Isitoshe, upepo ule huvuma sana usiku, watu wakiwa wamelala. Kisima cha mvuke wa ardhini cha Olkaria nacho hakifungwi kama bomba la jikoni, kwa hiyo umeme unapozidi mahitaji usiku, mvuke tuliokwisha kuulipia huachiliwa hewani. Hilo si la kumwachia wakili.

Jibu la 2
Naongezea upande wa udhibiti. Mamlaka ya EPRA, inayosimamia kawi na mafuta nchini, inapopanga bei, huamua pia ni kiasi gani cha umeme unaopotea njiani mteja atakilipia. Ni lazima mtu atenganishe umeme unaoibwa na ule unaopotea kama joto la nyaya, kwa maana mkondo ukiongezeka maradufu, joto hilo huwa mara nne. Niliwahi kupima transfoma moja huko Eastlands: fazi moja, yaani mojawapo ya njia zake tatu za umeme, ilibeba karibu mzigo wote, nyingine mbili zikiwa kama zimelala, na mpira wa waya ulikuwa umeanza kulainika. Kwenye vitabu, hasara ile ilihesabiwa kuwa wizi wa wakazi.

Jibu la 3
Kaka, nakubaliana nawe kuhusu transfoma, ila tusijitakase. Mwaka 2013 serikali ilitangaza kuongeza megawati 5,000 kwa miezi 40; miaka kumi baadaye, mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa yamepita megawati 2,000 kwa kiasi kidogo tu. Wahandisi walikuwamo katika meza zile. Mchoro wa daraja hutiwa saini na mhandisi aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011; makadirio ya mahitaji ya umeme nyuma ya mpango ule yalitiwa saini na nani?