Mafundi wa dishi, kwa nini mnafunga kwa kuangalia mstari wa nguvu ya mawimbi tu halafu mnaondoka??

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sifichi. Jana jioni nimeshuka kwenye paa kwa mara ya tatu wiki hii, vidole vimechubuka, shingo haigeuki, kwa kazi ambayo nilishamlipa mtu aifanye na akasema ameimaliza.

Kisa kiko hivi. Fundi alikuja mchana, jua kali, wingu hakuna. Akapigilia bomba ukutani, akapachika dishi la sentimita 90, akatoa simu akafungua programu ya dira akaibandika pale pale kwenye bomba la chuma, akalizungusha dishi kama dakika kumi huku mtu wa ndani anapiga kelele imekuja, imepotea, rudisha kidogo, hapo hapo usiguse! Akakaza nati, akaniita. Picha safi. Akanionyesha kwenye kioo cha TV, nguvu asilimia 92, akasema bosi hapa umemaliza. Mimi nisiyejua nikamshukuru. Chini ya huo mstari kulikuwa na mstari wa pili umeandikwa ubora, unasoma 41, sikuuliza na yeye hakuusema.

Siku ya nne ikanyesha. Wala haikuwa mvua ya kuangusha miti, mvua ya kawaida tu, picha ikaanza kukatika vipande vipande, sauti inakwama, mara kioo cheusi, hakuna mawimbi. Nikampigia, akasema ni mvua bosi ikikata itarudi. Kweli ikakata ikarudi. Wiki mbili mbele hata mawingu bila mvua yakawa yanatosha kuizima, na juu ya hapo nusu ya chaneli hazifunguki kabisa hata kukiwa na jua. Nikampigia tena, akasema hizo chaneli zimefungwa na wenyewe, na kuhusu mvua dishi lako dogo, nunua kubwa. Dishi alilochagua yeye!!

Nikaamua kujifunza mwenyewe, na kadiri ninavyojifunza ndivyo hasira inavyopanda, kwa sababu hakuna hata kimoja hapa cha kumshinda mtu anayejiita fundi.

Anzeni na huo mstari wa nguvu. Unapima kiasi chochote kinachoshuka kwenye waya, mawimbi pamoja na kelele (mawimbi ya ovyo yasiyobeba picha), na LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, ikishapata umeme kelele zipo muda wote. Nimejaribu mwenyewe, nimeligeuza dishi likaangalia ukuta, ukuta mtupu, nguvu ikabaki 70 na kitu. Ubora ukawa sifuri. Kwa hiyo mtu anayekufungia dishi kwa kuangalia nguvu ni sawa na hajaangalia chochote, maana ubora ndio unaokwambia king'amuzi kinasoma kweli kinachotoka kwenye satelaiti au kinahangaika.

Halafu hii ya "si unaona picha safi". Enzi za analogia dishi likikosea kidogo uliona chenga, ukajua hapa bado. Dijitali haina chenga. King'amuzi kinarekebisha makosa chenyewe mpaka kinafika mahali hakiwezi tena, basi, picha inakufa ghafla. Hivyo picha safi mchana wa jua haikuambii umebakiwa na akiba kiasi gani. Mimi sikuwa na akiba kabisa, nilikuwa nimesimama ukingoni, tone la kwanza tu nikaanguka.

Na kukosea kwenyewe ni kudogo mno, ndiyo maana haifai kufunga kwa haraka. Satelaiti ziko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Dishi la sentimita 90 kwenye masafa ya Ku (haya ya madishi madogo ya nyumbani) linaona kipande cha anga cha kama digrii 2 tu. Ukikosea digrii 1 umeshapoteza karibu nusu ya mawimbi, na digrii 1 kwenye dishi hilo ni ukingo mmoja kusogea kama milimita 15 kuliko ukingo wa pili, upana wa kidole! Huku chini upana wa kidole, kule juu umekosa kwa zaidi ya kilomita 600. Sasa mtu anakaza nati moja mpaka mwisho ndipo ahamie ya pili, dishi linajivuta upande, yeye ameshageuka kukusanya spana.

Hiyo dira pia. Chuma cha bomba kinaivuta, na hata ukisogea mbali na chuma bado kaskazini ya sumaku siyo kaskazini halisi, sehemu nyingine tofauti ni ya digrii kadhaa. Dira inakupa upande wa kuanzia kutafuta, haikupi jibu.

Bomba nimeliwekea pimamaji, limeinama. Bomba likiinama, zile namba za mwinuko zilizochongwa kwenye mabano ya dishi zinakudanganya, na kila ukizungusha kushoto kulia dishi linapanda au kushuka bila wewe kutaka, ndiyo maana yule mtu wa ndani alikuwa anapiga kelele imekuja imepotea imekuja imepotea. Kuweka pimamaji kwenye bomba ni dakika moja. Moja!

LNB hakuigusa. Aliipachika ilivyotoka kwenye boksi, imesimama wima. Mawimbi yanakuja kwa mikao miwili, wima na mlalo, na kutegemea ulipo na satelaiti ilipo LNB lazima izungushwe kidogo ilingane nayo, la sivyo mkao mmoja unavujia kwenye mwingine na ubora unashuka hata dishi likiwa limelenga sawasawa.

Ila kilichoniuma kuliko vyote ni waya. Nilipanda nikafungua tepu nyeusi nyuma ya LNB, ilikuwa imeshaachia yenyewe, koneksheni haikukazwa, inazunguka kwa vidole viwili, nikaifungua likadondoka tone la maji. Shaba ya katikati ilishakuwa ya kijani. Na kinyuzi kimoja cha wavu wa chuma unaoizunguka ndani ya waya kimelala karibu kabisa na ile shaba, kingegusa kingepiga shoti. Nikafuata waya kushuka chini ya bati nikakuta ameunga! Waya haukufika, akachukua kipande kingine, akasokota shaba kwa shaba na wavu kwa wavu kama anaunga waya wa taa, akazungushia tepu, akaingiza chini ya bati nisione. Nilikaa pale juu nimekishika kile kiungo sijui hata niseme nini.

Na hapo ndipo chaneli zangu zilipokuwa zinafia, hakuna aliyezifunga. King'amuzi kinapandisha volti 13 kikitaka mkao wa wima na volti 18 kikitaka wa mlalo, kwenye waya ule ule. Kiungo kikioza volti zinaishia njiani, kinatuma 18 inafika pungufu, LNB inabaki kwenye wima, na kila chaneli ya mlalo haifunguki. Huyu aliniambia zimefungwa na wenyewe huku anajua alichokificha chini ya bati.

Nimetoa waya wote, nimevuta mmoja mzima wa RG6 (waya maalumu wa dishi) bila kiungo, koneksheni mpya mbili, ya juu nimeifunga vizuri isipitishe maji na nimeacha waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondokee nje. Bomba nimelinyoosha. Dishi nimelisogeza kidogo kidogo, kila nikisogeza nasubiri sekunde kadhaa maana king'amuzi kinachelewa kuonyesha. Nikaweka alama ya kalamu pale ubora ulipoanza kushuka kushoto, nyingine pale ulipoanza kushuka kulia, nikarudi katikati ya alama mbili, juu na chini vile vile, halafu nikaizungusha LNB taratibu. Nati nimekaza kwa zamu, hii kidogo ile kidogo, jicho kwenye namba. Nguvu 88, imeshuka kuliko yake. Ubora 78! Chaneli zote zimerudi.

Mvua kubwa sana itaikata Ku hata ukifunga vizuri kiasi gani, hilo silikatai, masafa ya C, yale ya madishi makubwa, yanaivumilia mvua kuliko Ku. Lakini mvua kubwa kukata kwa dakika chache ni jambo moja, na wingu kuzima nyumba jioni nzima ni jambo lingine, na mafundi msitumie la kwanza kufunika la pili.

Wenye madishi, kabla hujamlipa mtu mwambie afungue ukurasa wa mawimbi usome ubora wewe mwenyewe kwenye chaneli ya wima na ya mlalo, kisha muulize waya una viungo vingapi, akisema hakuna mwambie akuonyeshe. Wewe uliyeambiwa ununue dishi kubwa, usinunue kwanza, panda ufungue hiyo tepu.

Usiku wa jana imenyesha kama saa nzima, picha haikukatika hata mara moja. Nimekipiga picha kioo, ubora 78, dishi lile lile la sentimita 90, nimemtumia fundi na picha ya kile kiungo chake. Amesoma. Hajajibu.