MREJESHO: RHCSA nimepita, tena bila darasa

Wakuu, niliuliza kama mtu anaweza kujiandaa na RHCSA (mtihani wa cheti cha usimamizi wa mifumo ya Linux) ya kampuni ya Red Hat nyumbani, kwa laptop ya kawaida. Inawezekana.

Aliyeniambia niachane na kukariri maswali ya kuchagua, ubarikiwe sana. Hakuna a, b, c kule. Unakabidhiwa mashine na kazi za kufanya. Alama ni 300, ya kupita ni 210. Intaneti hupewi, ila kurasa za man (maelezo ya amri yaliyomo ndani ya mfumo wenyewe) zipo, kwa hiyo nilijizoesha kuchimba humo (man -k, inayotafuta kurasa hizo kwa neno, ni mkombozi) kabla ya kukimbilia Google.

Nilitumia VirtualBox (programu ya kuendesha mashine pepe ndani ya laptop) na Rocky Linux, maana hiyo Rocky ni ya bure na inafanana mno na RHEL, Linux ya Red Hat yenyewe. Kila zoezi nililimalizia kwa kuwasha mashine upya, kwani mpangilio usiodumu baada ya hapo hauna alama, na mstari mmoja mbovu kwenye /etc/fstab (faili la diski za kuunganishwa mashine inapowaka) unatosha mashine igome kuwaka.

LVM (kugawa na kupanua nafasi ya diski) ilinyooka mapema. SELinux, ulinzi wa ndani wa Linux unaoamua programu gani iguse nini, ndiyo iliyonitoa jasho, hasa kuiruhusu seva ya wavuti itumie poti isiyo ya kawaida. Semanage, amri ya kubadilisha sheria zake, naiota hadi leo.

Anayetaka mazoezi niliyojitungia aseme, nitayaweka.