Uvimbe juu ya figo: kwa nini mama asipasuliwe sasa hivi?

Binti wa Katuba: Wapendwa wa Lubumbashi, naomba msaada. Tansyo (shinikizo la damu) ya mama hupanda ghafla hadi 220, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka mpaka kitenge kinalowa, kisha anatulia. Skana imeonyesha uvimbe wa sentimita 4 kwenye tezi ya juu ya figo ya kushoto. Daktari atautoa kwa laparoskopia, matundu madogo tu, ila anataka kwanza mama anywe dawa wiki mbili. Mbona tunachelewa? Naogopa.

Muuguzi: Pole, mdogo wangu. Hizo wiki mbili ndizo kinga yake. Kama ni feokromositoma, yaani uvimbe wa tezi hiyo, humwaga adrenalini, homoni inayopandisha tansyo. Ukiguswa kabla dawa za alfa hazijalegeza mishipa, tansyo inaweza kuruka akiwa mezani. Na dawa ya kupunguza mbio za moyo isitangulie ile ya alfa, hilo ulikazie! Je, wamepima metanefrini, yaani mabaki ya adrenalini kwenye damu au mkojo?

Papa wa Kamalondo: Mimi nilitolewa tezi ya kulia. Uvimbe wangu ulikuwa wa aldosteroni, homoni nyingine ya tezi hiyo: potasiamu (madini ya mwilini) ilishuka, miguu ikalegea. Wanajaza gesi tumboni, wanaingiza kamera. Bega ndilo liliniuma kuliko vidonda, kwa ajili ya gesi. Michel Gagner wa Kanada aliieleza njia hii tangu 1992, si majaribio. Tezi moja iliyobaki ikiwa nzima, inatosha.

Binti wa Katuba: Asanteni sana. Metanefrini za mkojo wa saa 24 zimepanda.

Muuguzi: Basi uliza nani atapima tansyo na sukari usiku ule wa kwanza. Zote mbili zinaweza kushuka.